Uzinduzi wa Chuo cha Kurusha Moto, Kasikeu

Mheshimiwa Chifu, Naibu wa Chifu, Mchungaji Nthiwa, uliyetuombea kwa dakika arobaini, Mzee Mikail, mwenyekiti wa wafanyabiashara, akina mama wa vikundi vilivyosajiliwa na vile vingine, vijana wenye kazi, na vijana walio wengi, wageni kutoka Tawa ambao hatukuwaalika lakini tunawahesabu, na mimi mwenyewe, Ben Mulinge, Mkurugenzi wa Mamlaka ya Burudani Yenye Tija, mwenye Diploma mbili na nusu. Protokali zote zimezingatiwa, na yule ambaye haijamfikia akae hapo hapo kwa jua. Kwa salamu yetu ya Kikamba, mwi aseo, hamjambo? (Watu: Twi aseo.) Sijasikia. (Watu, kwa sauti ile ile: Twi aseo.)

Leo tunazindua rasmi Chuo cha Kurusha Moto, cha kwanza Ukambani, na kulingana na research niliyofanya asubuhi nikiwa kwa gari, cha kwanza Afrika Mashariki na Kati, kitakachowafundisha vijana wetu ule mchezo wa video wa kupigana kwa skrini, na hasa kumcheza yule mpiganaji anayesimama mbali na kurusha mipira ya moto ili adui asimkaribie. Mzee mmoja ameniuliza hapa nje kama chuo hiki kitaleta maji. Nimemjibu kwamba maji ni cross-cutting issue, yaani yanagusa kila idara. (Wazee wanaguna.) Tayari vijana 4,812 wamefaidika indirectly, maanake walipita karibu.

Huyu hapa mbele ni Kasyoka, product yetu. Simama, mwanetu, watu wakuone. (Kasyoka anasimama, simu mkononi.) Huyu anashindana leo hii kule Machakos, na atakayeshinda ataajiriwa mwaka mzima kufundisha wengine. Usajili unafungwa saa nane kamili. Alitaka kuondoka na basi la asubuhi nikamkataza, kwa sababu mtu wa Mamlaka hawezi kuteremka stendi na kuku. Atapelekwa kwa gari, na king'ora mbele. (Makofi.)

(Kasyoka: Mheshimiwa, ni saa sita na robo. Machakos ni saa moja na nusu kutoka hapa.)

Ndiyo, na hiyo ndiyo discipline tunayoizungumzia. Keti.

Nilimuuliza huyu dada siri yake. Akaniambia, "Mheshimiwa, mimi nimekua nikifukuza ndege kwa shamba la mtama la mama. Ukirusha jiwe ovyo ovyo ndege wanakuzoea, wanangoja mkono ushuke, ndio waingie. Unarusha moja, unabaki na lingine kwa kombeo, na ukiona wameinuka, hapo ndio unalitoa." Hekima hiyo tumeiingiza kwenye curriculum, Module Three, kwa jina langu. Nami, kama kiongozi anayeongoza kutoka mbele, nilicheza naye wiki jana. Target yangu ilikuwa kurusha mioto thelathini. Nilirusha arobaini bila kupumzika, ambayo ni asilimia mia moja thelathini na tatu. Ni kweli kwamba aliruka juu ya yote arobaini na kutua kichwani mwangu, lakini hayo ni mambo ya outcome, yaani matokeo, na sisi tunapimwa kwa output, yaani idadi ya mioto. (Vijana wanacheka. Mkurugenzi anawangoja wamalize.)

(Kasyoka, amesimama: Mheshimiwa, saa sita na nusu imefika. Hata bodaboda nitapanda.)

Bodaboda, na mimi niko hapa? Mtu asimsogelee dada huyu na pikipiki. Ndugu zangu, naona wengine mnatazama mlango, kwa hivyo nitagusia tu vipengele kumi na vinne vya strategic plan, halafu Mchungaji atufungie.

(Vipengele vinasomwa. Kipengele cha tisa kinasomwa mara mbili.)

Sasa nikisema Rusha, mseme Mbali. Rusha! (Watu: Mbali.) Rusha! (Mzee Mikail peke yake: Mbali.)

Kwa kumalizia, ni shukrani. Namshukuru Hassan kwa kutuazima hii nyumba yake ya video, skrini yake, na mashine yake moja ambayo Kasyoka amejifunzia miaka yote mitatu. Hassan, ukishabandua bango letu utaona lako liko chini, halikuchanika. Nashukuru kanisa kwa viti. Jiwe la msingi lipakiwe sasa hivi, kesho linahitajika Tseikuru, tunazindua maabara ya mbuzi. Walimu wa chuo, kompyuta na lile gari la king'ora viko kwenye awamu ya pili, ambayo itaanza tukishapata ya kwanza.

(Saa nane na dakika kumi. Kasyoka ameketi, hatazami simu tena.)

Na wewe mwanetu Kasyoka, asante kwa uvumilivu wako. Ungepanda lile basi la asubuhi, leo tungezindua nini? Asanteni sana, na mfike nyumbani salama.