Neno la Siri ni Kenta

Jumatatu, 14 Oktoba

Alhamdulillahi. Nimeteuliwa! Kamati ya kupima waombaji kazi wa manispaa. Nafasi mbili: Mkuu wa Fedha, na nafasi mpya kabisa, Mkuu wa Tabianchi. Meya alisema anahitaji diwani mwenye busara. Halafu akasema madiwani wengine wote wako mashambani wanavuna tende. Namshukuru kwa kuanza na lile la kwanza.

Tuko watatu. Mimi. Mkaguzi kutoka mkoani, mtu wa pwani, hatujui wala hatumjui. Na Lella Mongia, diwani mwenzangu, aliyenifundisha hesabu darasa la sita na mpaka leo akiniona hutafuta kalamu nyekundu. Mwaka mzima barazani hajawahi kuunga mkono hoja yangu hata moja. Hata ile ya kuahirisha kikao ili tukale.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Furaha yangu ina sababu moja tu. Binti yangu Abir ameposwa na Wajdi. Kijana mzuri, amesomea fedha, hana kazi. Marseille wamemwahidi. Asipopata hapa, harusi Desemba, ndege Januari. Mwanangu Anis yuko Düsseldorf mwaka wa sita sasa. Tunamwona kwenye simu, tena nusu ya paji la uso. Mpaka leo mke wangu Naziha hupanga sahani nne, akakumbuka, akairudisha moja kabatini. Sitaki kumwona akirudisha mbili.

Kwa hiyo Wajdi lazima apate Fedha. Kikwazo ni sheria. Majina yanafichwa, karatasi zina namba tu. Na kila mwanakamati anatia sahihi kwamba hana ndugu kati ya waombaji. Nilitia sahihi kwa moyo mweupe. Mkwe ambaye ndoa haijafungwa si ndugu. Ni mgeni anayekula sana.

Jumanne, 15 Oktoba

Mpango tayari. Neno la siri! Wajdi ataliweka popote kwenye karatasi yake, nami nitaijua. Neno lenyewe ni kenta. Watu wa hapa wakitaja tende kwenye maandishi hutaja degla, tende ya kujivunia. Kenta ni ile kavu, ya kula wakati hakuna mgeni. Nani ataiingiza kwenye mtihani wa fedha? Nilijipigia makofi bafuni. Naziha akauliza kama nimeanguka.

Nikamwita Wajdi mkahawani. Alisikiliza mpaka mwisho, akikoroga kahawa isiyo na sukari. Akasema, "Ami Mabruk, nakuheshimu kama baba. Lakini nikifaulu, nifaulu kwa akili yangu. Nikifeli, iwe hivyo hivyo."

Unyenyekevu ulioje! Hivyo ndivyo watu wenye adabu wanavyosema ndiyo. Nimemshukuru Mungu kwa mkwe wa namna hii.

Kisha kwa Ftuh kinyozi. Sikumwambia chochote. Neno tu. Na sababu yake, kwa kuwa aliuliza, na mtu aliyeweka wembe shingoni mwako hujibiwa. Ameapa hatamwambia hata mkewe. Ftuh ni kaburi.

Jioni Abir aliniomba nisimwambie lolote kuhusu kamati. Hata neno moja, baba, tafadhali. Nikasifu malezi yangu. Akaingia chumbani na vitabu vyake vya maji na visima, vile vya chuo kikuu, akafunga mlango. Maskini. Shahada nzima, na kazi yake ni kufundisha tuisheni watoto wa jirani. Ningemtafutia kitu, lakini mtu hawezi kuwa na mipango miwili kwa wakati mmoja.

Alhamisi, 17 Oktoba

Siku ya mtihani. Wanakamati haturuhusiwi karibu na shule. Nilisimama mbali. Yaani ng'ambo ya barabara, nyuma ya gari la mkate, nikiwa na sandwichi ya samaki kwa ajili ya Wajdi na maji ya baridi. Kwa nini samaki? Mama yangu alikuwa akisema samaki hufungua akili. Mlinzi aliniona. Akaniita Bwana Mabruk kwa heshima zote, akanifukuza kwa heshima zote. Nikaila sandwichi mwenyewe. Haikufungua kitu.

Abir naye alitoka asubuhi kung'oa jino. Nikamwombea. Saa nane alirudi anaimba, akala mkate na harisa, ile pilipili ya kusaga, nyingi mno. Nimshukuru daktari huyo wa meno, sijui ni nani. Mikono ya baraka.

Jumamosi, 19 Oktoba

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Tuliketi ukumbini saa mbili, karatasi ishirini mezani. Kumi na moja za Fedha, tisa za Tabianchi. Nikachukua ya kwanza ya Fedha. Mstari wa tatu: kenta! Nikampa kumi na tisa kati ya ishirini kabla sijafika mstari wa nne. Hongera, Wajdi. Nikachukua ya pili. "Mapato ya manispaa, mithili ya kenta, huvunwa kwa wakati wake." Nikakaa wima. Ya tatu ilikuwa na kenta mara saba. Ya nne haikuihusisha na jambo lolote, imeandikwa tu chini ya ukurasa, peke yake, kwa herufi kubwa, na mstari chini yake.

Karatasi kumi na nane kati ya ishirini! Fedha na Tabianchi! Mkaguzi akavua miwani, akauliza kwa upole kama kenta ni kodi ya huku kwetu. Lella Mongia akamjibu kuwa ni tende. Alimjibu yeye, lakini alikuwa akinitazama mimi.

Limevujaje? Wajdi! Kijana ana mdomo mwepesi, sikujua. Au ni msimu tu, mavuno yamewajaa watu vichwani. Nilitafakari haraka. Ikiwa Wajdi ni mmoja wa wenye kenta, na sijui ni yupi, dawa ni moja: wote niwape kumi na tisa. Wale wawili wasio na kenta niwakandamize ili wasimzibie njia. Nilishukuru kwa ubongo huu niliopewa.

Namba saba, Fedha, hana kenta. Karatasi kavu, hesabu tupu, majibu yote sahihi bila hata salamu. Sita kati ya ishirini.

Namba kumi na nne, Tabianchi, hana kenta. Na jeuri! Ameandika kwamba maji ya chini yanashuka kila mwaka, na kwamba wa kwanza kuzuiwa wawe madiwani wanaohubiri kuhifadhi maji huku wamechimba kisima bila kibali nyuma ya banda la mbuzi. Nyuma ya banda la mbuzi! Tuko madiwani wangapi wenye mbuzi? Ameandika hata saa ambazo pampu huwashwa. Mtu huyu ananijua kama anayeishi nyumbani kwangu. Sita. Nilitaka kuandika mbili, mkono ukaona haya.

Lella Mongia alimpa kumi na nane. Mkaguzi kumi na saba. Tukabishana nusu saa. Nilisema mwandishi hana heshima kwa wakubwa. Lella Mongia akasema hajaona karatasi safi kama hiyo tangu astaafu, na kwamba yuko tayari kukaa pale mpaka Idi. Namba saba vilevile, akamtetea kama mwanawe. Kila ninachokiangusha yeye anakiinua. Mwanamke huyu alizaliwa ili anipinge.

Jumatatu, 21 Oktoba

Leo bahasha za majina zimefunguliwa. Naandika polepole.

Meya alikuwepo, na karani, na waombaji wamejaa kwenye korido. Karani akasoma. Fedha, wa kwanza, namba saba: Wajdi. Nikaruka! Kisha nikakumbuka namba saba ni nani, nikakaa. Hakuandika kenta. Alikataa kweli. Ile ndiyo yake ilikuwa hapana.

Karani akaendelea. Tabianchi, wa kwanza, namba kumi na nne: Abir binti Mabruk.

Abir wangu. Jino!

Meya akamnong'oneza mkaguzi kwamba Wajdi ni mchumba wa Abir. Mkaguzi akaomba fomu yangu ya sahihi, ile ya kutokuwa na ndugu. Akaisoma mara mbili. Akasema baba hawezi kumsahihisha mwanawe, wala mkwe mtarajiwa, na kwamba analazimika kufuta zoezi zima, nafasi zote mbili, mpaka mwakani. Mwakani! Wakati huo watakuwa Marseille na watoto wawili. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na mpango. Mlangoni nilimwona Abir, ameshika mkono wa Wajdi, uso umemsawajika. Nikajua ni mimi niliyemfanyia hivyo, bila hata kumjua.

Ndipo Lella Mongia aliposimama. Alichukua karatasi ya alama, akaenda kwa mkaguzi, akaweka kidole.

"Tazama safu ya huyu bwana. Amewapa kumi na tisa watu kumi na wanane. Wawili tu amewapa sita, na hao wawili ndio wake. Nimefundisha miaka thelathini na nne, nimeona upendeleo wa kila aina. Wa namna hii sijauona."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Halafu wawili. Lella Mongia hakucheka. Akasema fomu ina sahihi, lakini alama zenyewe ni ushahidi kuwa baba mtu hakujua lolote. Zifutwe alama zangu zote, zibaki zao wawili, kisha watu wahesabu. Wakahesabu. Wajdi wa kwanza. Abir wa kwanza. Mkaguzi akaandika ukurasa mzima wa maelezo, akauliza kama mimi niko hivi siku zote, akatia sahihi.

Nilitoka koridoni nikalia. Sioni haya kuandika. Lella Mongia akanikuta pale, akanipa leso yake. Nilimwambia sijui nimlipe nini. Mwaka mzima nimemwita mpinzani, na leo amenirudishia binti yangu.

"Usinifanyie kitu, Mabruk," akasema. "Wala usimfanyie mtu mwingine yeyote. Kaa tu."

Mungu amzidishie umri. Nasema kwa moyo wangu wote.

Jumanne, 22 Oktoba

Nyumba imejaa watu na halua. Abir alinivuta pembeni, akauliza kama ni kweli nilimpa sita. Nikasema alama ni siri ya kamati. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema hakuniambia kwa sababu alijua ningemsaidia.

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nikambusu kipajini. Wajdi nikamwomba radhi kwa kumshuku mdomo. Akasema si kitu, ami, kisha akauliza ni nani mwingine aliyelijua lile neno. Hakuna! Nimefikiri usiku na mchana. Labda upepo.

Alhamisi, 24 Oktoba

Asubuhi nilimpelekea Lella Mongia kapu la kenta. Alikula moja, akanirudishia kapu. Akasema diwani hapokei zawadi, na kwamba tende ni nzuri. Haijawahi kutokea anisifie kitu. Nimekuja nyumbani nikielea.

Mezani nilikuta barua. Muhuri wa manispaa, sahihi ya Mkuu wa Tabianchi, barua yake ya kwanza kabisa. Ananipa siku saba kufunga kisima kilicho nyuma ya banda la mbuzi. "Bwana Mabruk," ameniandikia. Bwana! Naziha ameitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, karibu na picha ya harusi yetu. Nimesimama mbele yake muda mrefu. Kisima nitakifunga. Kwa mtoto aliyebaki, kisima ni nini?

Jioni Abir alirudi na Wajdi, tukala pamoja. Naziha alipanga sahani tano. Akatazama, akairudisha moja kabatini.

Ya Anis.

Sasa nimeuliza kwa karani. Mwezi wa Aprili kutakuwa na nafasi ya msimamizi wa mitaro ya maji. Anis amesomea kuuza viatu, lakini mtaro ni mtaro. Na Lella Mongia mwenyewe ndiye atakayeongoza kamati, mtu mwadilifu, bora kuliko wote, kwa hiyo safari hii hakuna fujo. Kinachohitajika ni neno jingine, kenta imechakaa. Nimechagua alig. Nani atataja tende ya alig kwenye mtihani wa mitaro?

Sijamwambia mtu. Ftuh tu, leo mchana, kwenye kiti. Ameapa tena.