Nyongeza ya Mama Klara

Issa alikuwa ameegemea nguzo ya duka la nguo sokoni Mlalo, akila peasi aliloomba kuonja bila nia yoyote ya kununua, alipoiona riziki yake ikija inasukumwa. Mzee mmoja mwenye koti la kanisani alikuwa ameinama juu ya usukani wa pikipiki kubwa ya kijeshi, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai. Nyuma yake alitembea mkewe, kikapu kichwani, mikono haina kazi.

"Mama Klara, shika kidogo," mzee alihema.

"Nilishika mwaka jana," mama akajibu.

Issa akatupa masalio ya peasi na kufuta mikono kwenye suruali. Mtu mwenye pikipiki ana fedha. Mtu anayesukuma pikipiki ana fedha na uchungu, na katika kazi ya Issa uchungu ndio uliolipa zaidi.

Tumtendee haki kabla hatujamsema. Issa alikuwa fundi kweli, aliyefundishwa jeshini wakati wa vita vya Waingereza, na injini aliijua ndani nje. Ila aligundua mapema kwamba kutengeneza kunachosha mikono, na kusema umetengeneza hakuchoshi kitu. Tangu hapo, mpaka mwaka huo wa hamsini na moja, alikuwa akila kwa ulimi ambao ungeweza kumtoa nyoka pangoni.

Alivua kofia, akatoa shikamoo mbili zenye adabu, na kabla marahaba hazijapoa alikuwa ameshajua habari zote. Mzee aliitwa Tobia, mkulima wa viazi na mzee wa kanisa. Pikipiki aliinunua kwa bwana mpima ardhi aliyekuwa anarudi kwao Uingereza, naye alimwambia ni chombo cha safari ndefu. Hakudanganya: kila safari kwa chombo kile ilikuwa ndefu. Tobia alikipa jina la Ayubu kwa sababu ya mateso. Kwenye tambarare Ayubu alikimbia vizuri tu, lakini Mlalo ni bakuli, kila njia ya kutoka ni mlima, na kila mlima mkewe Raheli, huyo Mama Klara, alishuka akatembea.

Sasa mama yake Raheli, kule Mtae, alikuwa anapoteza macho. Alituma salamu kwamba angependa kumwona mwanawe Pasaka hii, kabla giza halijafunga kabisa. Malori hayakufika huko masika. Kwa miguu ni siku nzima ya kupanda, na goti la Raheli lilikuwa limeshakataa. Ilikuwa Ayubu au asifike.

Issa alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa, maana alianza kuhofia kwamba mzee hana fedha. Alipoambiwa ipo mia na ishirini, iliyowekwa kwa ajili ya bati za jikoni, huzuni ikapungua.

"Mzee wangu," alisema, "pikipiki ni kama mtu. Kabureta ndiyo kinywa. Pistoni ndiyo moyo. Na ekzosi ndiyo, kwa heshima yako, njia ya kutokea. Ayubu ana kinywa kidogo, moyo mdogo, na tumbo limefunga. Atapandaje mlima?"

Kabureta ya mashindano ilikuwa shilingi sitini, pistoni ya nguvu sitini, ekzosi ya kupumua sitini. Fedha ilitosha viwili tu, na vipi viwili, hilo alimwachia mzee achague. Issa alikuwa na uzoefu: mtu akishughulika kuchagua hiki au kile, hapati nafasi ya kuuliza kama kuna haja yoyote ya kununua.

Kuondoa shaka, Issa alimpakia Tobia kwenye pikipiki yake yeye Issa, iliyoegeshwa kando ya duka. Ilikuwa ndugu yake Ayubu wa tumbo moja. Zote mbili jeshi liliziuza mnadani. Nyuma akafunga gunia la viazi, wakapanda hadi kanisani bila kusita. Tobia alirudi na macho ya mtu aliyeionja Yerusalemu mpya. Issa akamwambia siri ni kabureta.

Siri haikuwa kabureta. Ilikuwa sproketi, lile duara la meno nyuma linaloshikwa na mnyororo. Issa aliiweka kubwa zaidi, na pikipiki ikawa nzito kwa mbio lakini hodari kwa mlima. Wateja hakuwauzia kamwe. Bei yake ni ndogo, kila mtu anaiona, na aliyefungiwa hiyo harudi tena kwa fundi.

Tobia alitaka pistoni, kwa kuwa neno moyo lilimgusa kama Mkristo. Raheli akauliza kama hiyo pistoni wataiona. Issa akasema iko ndani.

"Basi tuanze na vinavyoonekana," mama alisema. "Vya ndani namwachia Mungu."

Ikawa kabureta na ekzosi, malipo siku ya soko ijayo kazi ikikamilika. Raheli akataka kujua amemtengenezea nani mwingine. Issa akamtaja mwalimu Hezekia wa Gare, tena kwa sauti, maana Gare, upande wa Lushoto, ilikuwa mbali na mvua ilikuwa karibu. Hakuzingatia kwamba wanawake wa Mlalo hupeleka mboga Lushoto kila wiki, na kwamba mboga na maneno hubebwa kwenye kikapu kimoja.

Siku ya soko iliyofuata, kazi ilikuwa tayari. Kabureta ya mashindano ilikuwa ile ile ya Ayubu, iliyofunguliwa "kupimwa", ikasuguliwa kwa majivu na kupakwa rangi ya fedha. Ekzosi ilikuwa ya zamani, imetobolewa kwa msumari mahali patatu. Injini ilipowaka, kuku walitawanyika na ng'ombe wa mchungaji akakata kamba. Tobia alilengwa na machozi. Kwake kelele ile ilikuwa nguvu, naye si wa kwanza duniani kukosea hapo. Akatoa noti zote, na Issa akazitia mfuko wa kifuani.

"Na nyongeza?" Raheli akauliza.

Issa akacheka. Nyongeza aliijua, kwao Tanga muuzaji huongeza kile anachotaka kukiondoa. Watu walikuwa wameshakusanyika, na ukarimu bila mashahidi ni hasara, kwa hiyo akafungua gunia lake la vyuma chakavu na kupaza sauti.

"Chagua mwenyewe, mama. Chochote changu unachokiona hapa."

Sokoni Mlalo nyongeza huchaguliwa na mnunuzi, na neno la muuzaji likishatoka halirudi mfukoni. Raheli hakulitazama gunia. Alizunguka nyuma ya pikipiki ya Issa, akainama taratibu kwa ajili ya goti, akaweka kidole kwenye sproketi.

"Hii. Na mnyororo wake."

"Mama, hiyo imefungwa kwenye chombo changu."

"Nimeona. Ina meno hamsini na sita. Yetu ina arobaini na sita. Mwaka mzima nimetembea nyuma ya Ayubu, mwanangu. Sikuwa na kingine cha kuhesabu."

Bibi Zainabu, muuza maharage, akaweka kibaba chini na kumweleza mgeni kwa upole kwamba hapa anayemnyima mtu nyongeza aliyoitamka hauziwi hata maji. Kutoka nyuma mtu akauliza kama huyu siye yule fundi aliyekula fedha za watu kule Soni. Issa akaona ni heri ashike spana.

Akafungua zote mbili, akabadilisha. Na hapa aibu ilimpata, maana mikono ilimsaliti: ilipoanza kazi ya kweli, ikaifanya vizuri. Alinyoosha gurudumu, akakaza mnyororo sawasawa, hata yale matobo ya ekzosi akayaziba, bila kuombwa na mtu.

Tobia akapanda, Raheli akaketi nyuma na kikapu chake, wakaukabili mlima wa Mtae. Kwenye kona ya kwanza soko zima lilingoja Raheli ashuke, kwa mazoea. Hakushuka. Kona ya pili alijifunga kanga vizuri zaidi, na kona ya tatu wakapotea juu, Ayubu akinguruma polepole bila wasiwasi. Wanawake walipiga vigelegele. Issa naye alihisi kitu kifuani. Akapapasa, akakuta ni zile noti.

Akaondoka upesi kwa njia ya Lushoto. Chini ya mlima pikipiki yake, ikiwa sasa na meno ya Ayubu, ilikohoa mara mbili na kuzimika. Akaiwasha, ikazimika. Mwisho akashuka, akainamia usukani, akasukuma, na mvua ikaanza.

Riziki haikumtupa. Walitokea wanaume wanne wenye mabega mapana, wakamwamkia vizuri, wakamwambia apande akae, fundi hasukumi. Wakamsukuma hadi juu kabisa, wakiimba tenzi kwa sauti nne, na Issa akiwa juu ya kiti akafikiri kwamba watu wa milimani ni wema mno, na kwamba angewauzia nini.

Kwenye njia panda wakakata kushoto. Issa akawaelekeza kwamba Lushoto ni kulia.

"Tunajua," alisema aliyeshika usukani. "Kushoto ni kwa zumbe, chifu wetu. Leo ana baraza la mashauri. Kaka yangu Hezekia yuko pale tangu asubuhi, na wengine saba, kila mmoja na kabureta yake."

Njia ya kwa zumbe ni mteremko mtupu. Pikipiki ikaanza kwenda yenyewe, laini, na wale wanne wakakimbia kando yake, wawili kila upande.

"Halafu Mama Klara ameacha maagizo," yule mtu akaongeza. "Ile mia na ishirini usiiguse. Ataipitia akitoka Mtae."