Ombi la Kukishusha Kilima cha Harju

Kivi Harbor, Michigan
Jumapili, 14 Julai

Kwa Ndugu Gerald Beauchamp,
Mwenyekiti, Klabu ya Baiskeli za Msituni.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: BAISKELI YA MKE WANGU YENYE GIA MOJA

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mbu wa mwaka huu wamekubakizia damu kidogo. Mimi kwa mwili sijambo. Ninakuandikia kwa sababu nikikueleza ana kwa ana utacheka, na ukicheka wewe klabu nzima inacheka.

Mimi ni Arvid Kemppa, mwanachama nambari nne, mstaafu wa mgodi wa chuma. Najua unanijua, lakini nataka jina liwemo kwenye jalada. Mwezi Aprili, theluji ikiwa bado imejaa uani, ulimwazima mke wangu Elma baiskeli yako ya zamani. "Ijaribu wiki moja tu, dada," ukamwambia, umekaa kwenye meza yangu, unakula mkate wangu wa iliki. Wiki hiyo moja sasa ina miezi mitatu. Baiskeli yenyewe ina magurudumu ya inchi ishirini na tisa na gia moja. Moja, ndugu yangu! Mimi ninazo ishirini na saba, na zote nimezilainisha kwa mafuta.

Ombi langu liko chini, lakini sitakuficha ninachokitaka. Nataka mke wangu arudi kwenye gia kabla kiangazi hakijakwisha, maana tumepanda baiskeli pamoja miaka thelathini na sasa naona nabaki peke yangu msituni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Magurudumu ni makubwa kupita kiasi. Mizizi ya njia ya Ziwa Dogo imetuangusha sote bila upendeleo tangu klabu ianzishwe. Iliniangusha mimi, ikakuangusha wewe mbele ya mchungaji, na tulikubaliana kwamba ndiyo adabu ya msitu huu. Sasa Elma anapita juu yake hapunguzi mwendo, hatukani, hana habari. Wiki iliyopita kulikuwa na gogo limelala njiani. Mimi nilishuka, nikabeba baiskeli begani, nikavuka kwa heshima zote. Nilipomkuta mbele nikamuuliza yeye gogo lile amelivukaje. "Gogo gani?" akaniuliza. Nakuuliza, Mwenyekiti, huo ni mchezo wa haki?

2. Baiskeli hiyo haiharibiki, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, ingawa nimeliweka nambari mbili. Miaka yote hiyo, kila Jumapili baada ya kanisa, nilikuwa naipindua baiskeli yake bandani na kuzinyoosha gia zake. Zilikuwa hazikai sawa hata siku mbili. Yeye alikuwa anakaa juu ya kreti na kikombe cha kahawa, ananihadithia ya dunia nzima, nani kagombana na nani, binti yetu kasema nini kwenye simu. Mambo yote ya nyumba hii yaliamuliwa pale bandani, mimi nikiwa na spana mkononi. Sasa hakuna kidude cha kunyoosha. Hakuna waya wa kukaza. Kuna mnyororo, na meno mbele, na meno nyuma, basi! Jumapili iliyopita nilijitolea kuikagua. Nikaizungusha pedali mara mbili, nikatafuta kosa, sikuliona. Nikakaza skrubu moja iliyokuwa imekaza tayari. "Umemaliza?" akaniuliza mlangoni, akaondoka nayo. Leo hii Jumapili naandika barua hii nikiwa nimekaa juu ya lile kreti, na kahawa nimejimiminia mwenyewe.

3. Haina sauti. Yangu inalia kwa kila gia, kra, kra, kra, mtu yeyote wa maili moja anajua Arvid anakuja. Yeye anakutokea kimya nyuma ya kichaka. Mara mbili nimepiga kelele nikidhani ni dubu. Mara ya pili ulikuwepo, na nilikuomba usimweleze mtu.

4. Mwendo. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu wewe ni mtu wa gia moja na huenda hujui unavyowatesa wenzako. Mlimani huyo mke wangu hana la kuchagua. Lazima asimame juu ya pedali aende kwa nguvu, akilegea tu baiskeli inasimama. Kwa hiyo mlimani ananiacha. Kwenye tambarare gia yake hiyo inamwishia, miguu inazunguka kama kijiko kwenye uji na baiskeli haiongezi mwendo, kwa hiyo mimi ndiye ninayemwacha. Nikimsubiri juu ya tambarare, mlima unafuata, ananipita. Akinisubiri mlimani, anaanguka. Tangu Mei hatujakaa bega kwa bega hata kwa dakika tano. Nilikuwa na hadithi ya kumwambia kuhusu jirani yetu na mbuzi wake, nilimwambia kwa vipande vitatu, kila kipande kwenye njia panda tofauti, na kile cha mwisho ndicho cha kuchekesha, na kabla sijakimaliza alishanipita.

5. Benchi. Kanuni ya klabu unaijua, uliiandika wewe. Tukitoka msituni Jumatano tunaingia sauna ya klabu pale ziwani kutoa jasho kwa mvuke wa mawe ya moto. Aliyepanda kilima cha Harju bila kugusisha mguu chini anakaa benchi la juu, kwenye joto la heshima. Aliyegusisha mguu anakaa la chini, karibu na mlango, na ndiye anayechota maji ya ziwa kwa ajili ya wote. Atakayekaa benchi la juu Jumatano nane mfululizo, jina lake linachomwa kwa chuma cha moto kwenye ubao. Mimi rekodi yangu ni saba. Ya nane nilianguka mita kumi kutoka juu, na mpaka leo nikipita pale nageuza uso.

Mwaka huu, kwa hizo gia zangu ishirini na saba, nimechota maji kila Jumatano. Nikifika katikati ya Harju nashusha gia. Nashusha tena. Nashusha mpaka baiskeli inakwenda polepole kuliko konokono, mpaka inasimama kabisa, nami naanguka ubavu mbele ya watu. Elma ameshakaa juu mara saba. Jumatano hii inayokuja ni ya nane. Naingia na ndoo mbili za maji, najitahidi nisimwangalie mtu, nasikia sauti kutoka juu kwenye mvuke: "Ongeza maji kwenye mawe, mzee wangu, huku kumepoa." Salaale!

6. Anafurahi. Sijui niliandike vipi hili lionekane kosa, lakini ni kosa. Zamani tulikuwa tunalalamika wote wawili, kwa zamu, kuhusu mgongo, kuhusu upepo wa ziwa, kuhusu gia. Sasa nalalamika peke yangu na inachosha. Nilimuuliza kwa upole, hicho chuma kinakuvutia nini? Akanijibu: "Hakuna cha kuchagua, Arvid. Mlima ukija unasimama juu ya pedali, unaupanda. Ukikushinda, unashuka unatembea. Kichwa kinapumzika." Cha kwangu hakijapumzika tangu Aprili.

Kwa sababu hizo, naomba Kamati yako ichukue mojawapo ya hatua hizi, na iichukue kabla ya Jumatano:

Kwanza, kila baiskeli ya gia moja ifungwe gia nyingine zisizopungua saba. Si lazima zifanye kazi. Ziwepo tu, zilie, ziharibike Jumapili.

Hilo likishindikana, magurudumu yapunguzwe kwa msumeno.

Hilo nalo likishindikana, kilima cha Harju kishushwe. Nimefanya kazi mgodini miaka thelathini na minne, najua mlima unavyoshushwa. Naweza kupata mashine na wastaafu wanane wasio na la kufanya. Mchanga tutaumwaga kwenye bonde la Ziwa Dogo, mizizi ifukiwe, na njia yote iwe tambarare tupu kutoka barabarani hadi sauna. Hapo hakutakuwa na mlima wa yeye kuniacha wala tambarare ya mimi kumwacha, maana kila mtu atakwenda anavyokwenda. Nimepiga hesabu, ni majira mawili ya kiangazi tu.

Naamini ombi hili litapewa uzito unaostahili. Nisalimie mama yako, na umwambie jamu yake ya matunda pori imekwisha. Nisalimie Kamati yote, na mchungaji, na yule mbwa wako aliyenikimbiza, simlaumu. Elma angekusalimia lakini hayupo, yuko msituni.

Ni mimi katika kulalamika kwa nia njema,

Arvid Kemppa
Mwanachama nambari nne

NYONGEZA. Leo ni Alhamisi. Barua ilikaa mfukoni mwa koti, nikasema nitakukabidhi jana mkononi. Wewe jana ulikuwa mbele na wale vijana, kwa hiyo huenda hujui kilichotokea, na ukikisikia kwa wengine watatia chumvi.

Chini kabisa ya Harju, nikiwa wa mwisho kama kawaida, tawi kavu liliingia kwenye gurudumu langu la nyuma na kuking'oa kile kidude kinachohamisha mnyororo. Gia ishirini na saba, Gerald, na hakuna hata moja iliyobaki. Niko maili sita kutoka barabarani. Nikakaa chini, sikuita mtu. Nilimwona Elma yuko katikati ya kilima amesimama juu ya pedali, na mimi najua hiyo ni ya nane, nikaziba mdomo kwa mkono ili asigeuke.

Akagusisha mguu chini. Katikati ya Harju, na si kwa kuteleza, kwa kusudi. Akageuza baiskeli, akarudi.

Nilimkemea, nakwambia kweli. Nikamwuliza amepata wazimu gani. Akasema: "Sikusikia kra kra zako. Miezi mitatu nasikiliza hizo kra kra nyuma yangu, ndiyo maana napanda bila wasiwasi. Zikanyamaza." Akaniambia nikae juu ya gogo, akanipa chupa ya kahawa kutoka kwenye mkoba wake. Akaipindua baiskeli yangu, akatoa kile kifaa chake kidogo cha kukatia mnyororo, akaufupisha na kuupitisha kwenye duara moja la meno mbele na moja nyuma, yanayokaribia kulingana na ya kwake. Mimi nilikunywa kahawa na kumhadithia ya dunia nzima, na ile ya jirani na mbuzi nikaimalizia. Alicheka mpaka akaangusha kipini cha mnyororo kwenye nyasi, tukakitafuta robo saa.

Kisha tukarudi. Kwa gia moja, mimi na yeye, na kwa kuwa sote tulikuwa na gia ileile hakuna aliyeweza kumwacha mwenzake. Mlimani tulisimama wote juu ya pedali. Tambarare tulizungusha miguu wote bure kama wehu, bega kwa bega, maili sita. Mnyororo wangu uliruka mara nne, na kila ukiruka nilifurahi, kuna kazi ya Jumapili.

Kwa hiyo Harju kiachwe kilivyo, na msumeno usinunuliwe. Hiyo baiskeli yako Elma anasema hairudishi, na mimi namuunga mkono. Sisi wawili jana tulichota maji, ndoo mbili mbili, na Jumatano ijayo msihangaike kutupisha huko juu. Benchi la chini linatosha watu wawili.