Vidonge vya Kifundo Kimoja kwa Watoto Mapacha

Kulwa Sufiani,
Ngokolo, Shinyanga.

Kwa Daktari Rhoda,
Zahanati ya mtaani kwetu.

YAH: MALALAMIKO JUU YA DAWA ZA KIFUNDO, NA KUOMBA RUHUSA YA KUCHEZA JUMAMOSI

Mama Daktari, shikamoo. Mimi ndiye yule winga uliyemfunga bendeji Jumapili baada ya kuteguka kifundo cha kulia. Shule niliiacha darasa la sita, lakini dawa zako nimezilinganisha zote kwa mguu wangu mwenyewe, jambo ambalo wasomi wengi wanaliogopa. Malalamiko ni haya:

1. Vidonge vya ibuprofeni ulihesabu vya mtu mmoja, na unajua fika mimi ni pacha. Nilipofika nyumbani bibi akauliza, "Na mwenzio je?" Kwetu Kulwa hapewi kitu Doto akakaa hivihivi. Kila kidonge kikakatwa katikati. Doto, asiye na hata mchubuko, akawa anameza nusu yake huku ananicheka.

2. Ukasema barafu, ndani ya kitambaa, dakika kumi na tano. Mtaani zipo barafu za ukwaju za Mama Amira tu. Yangu niliifunga mguuni, Doto yake akailamba. Ilimfaa kuliko mimi.

3. Jeli ya diklofenaki ulisema inatuliza maumivu karibu sawa na vidonge, na tumbo hailisumbui. Tumbo kweli limetulia. Ila bibi kapaka vifundo viwili, changu na cha Doto, na tyubu ikaisha siku ya tatu.

4. Sasa nifuate taratibu, maana hapa pana kisomo. Leo Doto anaruka ukuta, hana maumivu popote. Dawa zilezile, kipimo kilekile, tumbo la mama lilelile. Doto akiwa kapona, mimi nitakuwaje mgonjwa? Mimi na yeye ni mtu mmoja. Uvimbe uliobaki ni ukaidi tu.

Kwa hiyo naomba umwandikie kocha Nkwabi kwamba nimepona, uifute ile amri ya kukaa nje wiki mbili. Jumamosi ni fainali na wachimbaji wa Kahama, watu wanaoshinda ndani ya shimo wakivunja mwamba. Msimu mzima nimeingoja siku hii. Bila mimi, kipa wao ataleta kiti akae.

Wasalimie manesi wote, hasa yule aliyeniita mtoto. Mwambie yale machozi yaliletwa na harufu ya spiriti.

Ni mimi, mguu wa kulia wa Ngokolo,
Kulwa

N.B. Kocha Nkwabi kapita hapa sasa hivi, kaisoma barua, na namba nne imemwingia sana. Kasema kwa kuwa sisi ni mtu mmoja, jezi yangu ya Jumamosi kampa Doto. Doto, ambaye hajawahi kupiga mpira ukaenda anakotaka! Mama Daktari, barua hii ichane. Andika upesi, tena kwa muhuri, kwamba mapacha ni watu wawili, mgonjwa ni mimi, na huyo mwingine hana kipaji.