Tathmini Iliyomhesabu Mume Wangu Kuwa Mzima

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Kupitia Maombi ya Kulazwa,

Salamu nyingi kwako, na poleni kwa vikao. Mimi ni fundi cherehani, mke wa mpaka rangi mwenye maji kwenye mapafu. Nimesoma tathmini mliyobandika mapokezi, kwamba kamati yenu imefaulu kwa asilimia tisini. Hongereni. Nina malalamiko machache tu.

1. Daktari alimwandikia mume wangu kitanda. Mkakaa na faili lake siku tisa, mwenyewe akisubiri kwenye benchi nje ya mlango wenu. Siku ya tatu mjumbe alitoka kumwomba akohoe taratibu, maana mlikuwa mnasoma habari za kikohozi chake. Mwishowe mkaamua augulie nyumbani.

2. Kila mliyemrudisha asipoonekana tena, mnaandika kwamba hakuhitaji kitanda. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, mlimrudisha Jumatatu, tukamzika Ijumaa. Naye yumo kwenye safu ya mafanikio. Nimekasirika, Mwenyekiti, na sitajifanya sijakasirika.

3. Dodoso lenu linasema asiyejibu ameridhika. Mume wangu hakujibu kwa sababu hawezi kushika kalamu. Nikamjibia mimi, kurasa mbili, mkanirudishia kwa maelezo kwamba mgonjwa si mimi.

4. Kwa hiyo naomba nanyi mpimwe kwa kipimo chenu. Tuwafungie humo chumbani wiki nzima, bila maji wala chai. Atakayeacha kugonga mlango tutamwandika ameridhika. Mkinyamaza wote, tutabandika asilimia mia, tena kwa wino mwekundu.

Kama hilo ni gumu, basi kamati ivunjwe leo hii. Haijamfaa mgonjwa hata mmoja tangu ianze. Viti vyenu vipelekwe wodini, ndugu wa wagonjwa wapate pa kukaa.

Nisalimie wajumbe wote, karani wenu, na yule mama anayewachemshia chai.

Wako mtiifu kwa shingo upande,
Mke wa Mpaka Rangi

N.B. Barua ikiwa tayari kwenye bahasha, nilimrudisha mume wangu hospitali, akaanguka mapokezi, akalazwa kwa dharura bila ninyi kuulizwa. Leo wodi inataka kumruhusu, na bado hawezi hata kuketi. Nawapigia magoti, msivunjike kwanza. Itisheni faili lake, mlipitie kama mnavyojua ninyi, asitoke mtu wodini mpaka mmeamua. Nesi anasema siku tisa zitamtosha.