Nani Alimpiga Picha Kassimu?

Jumatatu, 16 Juni 2025. Schaerbeek.

Kassimu amerudi. Anasema alikuwa Norwei, kutazama maporomoko ya maji yanayomwagika kutoka mlimani hadi kwenye fjord, yaani mkono wa bahari uliojipenyeza kati ya milima. Norwei! Mtu ambaye tangu tutoke Bujumbura hajawahi kupita Ostende, pwani ya hapa karibu tu! Baada ya alasiri ametuonyesha picha mlangoni mwa msikiti. Kasimama mbele ya maji, mkono mmoja kiunoni, mwingine unaelekeza juu. Nikauliza alikwenda na nani. Akasema na watu. Watu gani? Akacheka, akatia simu mfukoni.

Mimi natengeneza simu pale Porte de Namur. Picha hainidanganyi. Mikono yote miwili inaonekana, basi nani alipiga? Hakuna. Imetungwa kwa kompyuta. Na najua anamtungia nani: Mwanakombo, mjane mpole kuliko wote mtaani, ambaye namwandalia posa mwaka wa tatu huu. Bado ni maandalizi tu. Sipendi haraka.

Jumanne, 17 Juni.

Mwanakombo kaja dukani! Simu yake imekufa, imejaa maji. Na yeye ana mafua. Nikamwuliza imekuwaje, akatazama pembeni, akasema maji yaliirukia. Maskini, kuosha vyombo kunamchosha. Kanisihi niokoe picha zilizomo, hata kama simu yenyewe haitapona. Nikamwambia sitaki hata senti. Akaniita kaka yangu. Ni haya ya kike hiyo, neno lenyewe litafuata.

Nimeifungua, nimeikausha, imewaka! Picha zikajitokeza, nikafumba macho. Fundi mwaminifu hachungulii simu ya mteja.

Ijumaa, 20 Juni.

Uchunguzi wa viatu. Aliyepanda milima lazima ana tope la huko. Nikatoka msikitini kabla ya dua, nikachukua viatu vya Kassimu, nikavigeuza. Tope lipo. La hapa hapa, bila shaka, kwani barabara inachimbwa kando ya reli ya tramu. Nilikuwa nanusa ili kuhakikisha, mara Mzee Mustafa akatokea. Akaniuliza kwa huruma kama hali ni ngumu. Kabla sijajibu akanipa viatu vyake vya zamani, mbele ya watu. Nimevipokea, ningesema nini? Vinanibana.

Halafu nasikia Kassimu anawaambia watu kwamba huko usiku hauna giza. Usiku usio na giza! Njia ya mwongo ni fupi.

Mwanakombo ametualika Jumapili, ana jambo la kutangaza. Nalijua jambo hilo. Lakini kwanza nimuumbue Kassimu, asije akabaki na tumaini.

Jumapili, 22 Juni.

Nilivaa suti. Sebule ilijaa, sambusa zilikuwa tele. Jamal, kaka yake Mwanakombo, akanikaribisha vizuri mno. Nikashuku. Hata hivyo nilisimama, nikaomba ile picha ipitishwe kwa wote, kisha nikamwuliza Kassimu mbele ya kila mtu nani aliyempiga. Kassimu akainamisha kichwa. Nimemkamata!

Mwanakombo akapenga kamasi, akasema, “Ni mimi nilimupiga, kaka, kwa simu yake. Na yangu ikalowa pale pale, donc, basi, bila wewe picha zangu zote zingepotea.”

Kumbe walikwenda wanne: Jamal, mkewe, Mwanakombo na huyo. Waliunganisha simu na televisheni. Simu niliyoifufua mimi! Maporomoko yakajaa ukutani, meupe, marefu, na sauti ya Mwanakombo ikicheka nyuma yake. Miaka yote hii sijawahi kumsikia akicheka vile. Kisha Jamal akatangaza uchumba, watu wakapiga vigelegele, na Kassimu akaomba nipigiwe makofi, mimi fundi. Nikapigiwa. Niliumia sana, naliandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Nikala sambusa sita.

Jumamosi, 12 Julai.

Ndoa imeshafungwa, na juma lililopita maharusi walirudi Norwei na kundi zima la jamaa. Mimi nimejifunza. Hanidanganyi mtu tena.

Kwa mfano Bahati, dereva wa basi. Leo ananionyesha picha yuko mbele ya maporomoko hayo hayo, mikono yote miwili mfukoni. Nani alipiga? Akacheka tu. Yaani anafikiri sijui kuhusu kompyuta! Ijumaa nitaangalia viatu vyake.

Jambo jema: Tasnim, mdogo wake Mwanakombo, alipita dukani jioni. Binti mtulivu, hana makuu, na ana mafua ya kutisha. Simu yake imeingia maji. Anasema iliteleza ikaangukia kwenye sinki, na picha zilizomo ni muhimu sana. Nimemwambia sitaki hata senti. Ameniita kaka.

Naanza maandalizi.