Ohio, Bruxelles na Mgongo wa Papa Léonce

Jumatatu, 15 Julai 2013

Nimepata vyuo viwili. Viwili! Mimi, Respicius wa Bukoba, muuza kava za simu katikati ya Durban, mwenye digrii ya biolojia ambayo mpaka leo imenisaidia kubandika kioo cha simu bila kuacha mapovu. Chuo kimoja kiko Ohio, Marekani. Kingine kiko Brussels, Ubelgiji. Vyote ni vya osteopathia, yaani udaktari wa mifupa, misuli na migongo. Vyote vinataka jibu kabla ya Ijumaa jioni.

Osteopathia ni osteopathia. Mgongo wa Mmarekani na mgongo wa Mbelgiji ina pingili zilezile. Kwa hiyo masomo hayana uzito katika uamuzi huu. Mwenye uzito ni Constance.

Constance anasuka nywele Genève. Genève Coiffure, mlango wa tatu kutoka dukani kwetu. Baba yake, Papa Léonce, Mkongo wa Bukavu na mzee wa kanisa, ametangaza kwamba binti yake ataolewa na docteur. Si injinia. Si mchungaji. Docteur. Leo nimekutana naye njiani, nikampa shikamoo. Akajibu: ndiyo, iko sawa. Nimeichukua kama baraka.

Mshindani: Salvator, Mrundi. Tunapanga nyumba moja Glenwood. Chumba chake kina dirisha. Ana Corolla. Hana chuo hata kimoja! Ila jana kanyolewa Paris, pale Cato Manor, wanakonyoa wanaume mbele na kusuka wanawake nyuma. Amerudi amependeza. Inaudhi.

Mama amepiga simu. Wiki iliyopita jina la Ohio lilinitoka nikiongea naye. Keshaandikisha misa ya shukrani, Jumapili hii.

Jumanne, 16 Julai

Mpango: kuujua moyo wa Constance bila yeye kujua kwamba naupeleleza. Nimeingia Genève kunyolewa. Nikaambiwa hapa hawanyoi wanaume. Nikasema nitasubiri. Constance, chanuo mdomoni, akauliza nasubiri nini. Nikaokota gazeti la mitindo nikazama ndani.

Heri nilisubiri! Alikuwa akimwambia mteja kwamba mwezi wa nane hatamkuta hapa. Anahamia Bruxelles. Tantine Gloriose, dada ya marehemu mama yake, amemtafutia nafasi.

Gazeti likaniponyoka.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama huko si baridi. Akasema asubuhi iko baridi kidogo, kwani iko kwenye kilima. Nikauliza makaratasi je? Akanikazia macho. Makaratasi ya nini, Respi? Anaingia tu. Nimestaajabu. Kumbe Wabelgiji bado wanawakumbuka watu waliowatawala. Nikauliza nani atampeleka. Salvator, na gari yake.

Mpaka uwanja wa ndege, basi. Mbeba mabegi! Nimemhurumia.

Jumatano, 17 Julai

Nimeamua. Brussels! Nimekaa kwenye kompyuta ya duka, nikatuma barua pepe mbili. Kwa Ohio: nawashukuru, sitakuja, mpeni mwingine nafasi yangu. Kwa Brussels: nakuja kwa moyo wote. Ya pili nimeiandika kwa Kifaransa, au kwa kitu ambacho kompyuta inakiita Kifaransa.

Lulu, Mtanga tunayeuza naye, akauliza kama nilizisoma barua za vyuo mpaka mwisho. Nikamweleza kwamba barua ya kukubaliwa ina neno moja tu la maana, nalo liko juu. Akasema haya, kaka. Akaendelea kupanga chaja.

Nikamdokezea Salvator kwamba Constance anaondoka, na kwamba mimi namfuata. Nilitaka kuuona uso wake. Ukachanua! Akasema Ulaya itanifaa sana, kaka, na kama naweza kuondoka hata kesho nisingoje. Akaniombea safari njema. Sikutegemea moyo wa namna hii kwa mshindani.

Alhamisi, 18 Julai

Siku ya Mandela. Nchi nzima inajitolea dakika sitini na saba. Wengine wanapaka rangi mashule, wengine wanapika supu. Kanisa la Papa Léonce linafagia uwanja wake. Nikaona mlango umefunguka.

Mpango: kuonyesha ufundi mbele ya baba mkwe. Nikatandika shuka juu ya meza ya kukunja. Nikabandika tangazo: MIGONGO BURE. Ujuzi wangu ni video tatu. Moja ilikuwa ya farasi.

Nikamwomba Papa Léonce atangulie. Akavua koti, akapanda, akalala. Constance yuko pale na ufagio. Salvator yuko pale na Corolla. Nikaushika mguu wa kushoto wa mzee, nikauvuta kama wa yule farasi. Ikasikika: ko! Watu wakasema aaa. Nami nikasema mmesikia, sasa umerudi mahali pake.

Ulikuwa mguu wa meza. Papa Léonce akateremka nao taratibu, kama mtu aliye kwenye lifti.

Akiwa palepale chini akauliza kazi yangu hii inaitwa nini. Nikasema udaktari wa osteopathia, masomo Brussels. Akaanza kucheka, akajishika kiuno, akalia kwa maumivu, akacheka tena. Ostéopathe! Weye! Ndugu yake kule Liège iko na ostéopathe. Anamuvuta miguu kila mwezi. Mutu muzuri sana, wanamupenda. Lakini si docteur! Hata dawa ya kichwa hawezi kukuandikia!

Constance alicheka. Nimeamua kwamba alicheka pamoja nami. Salvator akamwinua mzee kwa mikono miwili, kama bibi harusi, akamrudisha nyumbani na gari.

Jioni nimezisoma barua zote mbili mpaka mwisho. Ohio: miaka minne, unatoka daktari kamili, unaandika dawa, unapasua watu. Brussels: miaka mitano, unatoka osteopathe. Dawa hakuna. Kisu hakuna. Jina moja, kazi mbili! Upande wa Kiingereza ni docteur. Upande wa Kifaransa ni mutu muzuri.

Nimewaandikia Ohio haraka. Barua ya jana waipuuze, ilitumwa na mdogo wangu mtundu aliyechezea kompyuta. Mdogo wangu ana miaka ishirini na tatu na yuko seminari Bukoba, ila hilo hawalijui.

Ijumaa, 19 Julai

Ohio wamejibu. Wapole mpaka wanatisha. Wanasikitika kwa usumbufu alionisababishia mdogo wangu. Nafasi yangu walimpa mwingine Jumatano ileile, kama nilivyowaomba. Naweza kuomba tena mwakani.

Nimekaa chini ya kaunta. Lulu akaniletea chai. Akarudi kupanga chaja.

Chai ikanirudishia akili. Udaktari umekwenda, sawa. Constance bado! Tukiwa Ulaya wawili tu, Papa Léonce atatufanya nini akiwa Durban, tena hawezi kuinama? Nikaenda Genève. Nikasimama mbele ya vichwa vinne vilivyosukwa nusu, nikamwambia Constance kwamba hatakuwa peke yake. Mwezi wa tisa nami nitakuwa Bruxelles.

Akasema nikitaka kuja karibu sana. Nipande taxi ya Queensburgh, nishuke mbele ya robot ya pili, hizo taa za barabarani.

Nikauliza Queensburgh imeingiaje Ubelgiji.

Vichwa vyote vinne vikanigeukia. Bruxelles Coiffure, akasema polepole, kama unavyosema na mgonjwa. Saluni mpya ya Tantine Gloriose. Kule juu, kwenye kilima. Salvator atakuwa anampeleka kila asubuhi na kumrudisha kila jioni. Kwani mimi nilifikiri nini?

Nikasema nilifikiri hivyohivyo. Mteja wa kiti cha mwisho alicheka kwa nguvu hadi nywele zikamponyoka Constance mkononi, msuko ukaanza upya. Eish, mguno wa mshangao wa hapa Durban, ndiyo sauti pekee niliyoisikia nikitoka.

Nyumbani nikamkabili Salvator. Alijua? Alijua. Kwa nini hakuniambia? Akasema nilionekana nina furaha, kaka, akaona haya kunikatiza.

Jumapili, 21 Julai

Misa imesomwa Bukoba. Padri amenitaja kwa jina, akawaombea na watu wote wa Ohio. Nikamwambia Mama mambo yamebadilika kidogo. Akauliza kidogo kiasi gani. Simu ikakatika. Niliisaidia.

Kanisani Papa Léonce anatembea na fimbo. Nikampa shikamoo kutoka mbali. Akajibu marahaba! Kumbe Salvator kamfundisha, wakiwa garini. Inaudhi.

Hata hivyo wiki hii imenikomaza. Kosa langu nimeliona: siulizi. Mtu mzima anauliza kwanza, ndipo anaamua. Hivyo baada ya ibada nikamfuata Constance, nikamuuliza kama Queensburgh ndiyo mwisho wa safari yake.

Akasema hapana. Queensburgh iko ya kujifunzia tu. Mwakani, akishazoea kazi, anaenda Paris.

Paris! Respicius wa juzi angekimbilia kompyuta. Respicius wa leo akavuta pumzi. Nikamuuliza wazi, jicho kwa jicho: Paris ya kweli? Paris yenyewe?

Akaonekana kuudhika kidogo. Yenyewe kabisa, akasema. Si ile ya bandia waliyofungua Pinetown.

Sikujua kama Pinetown kuna Paris, lakini hilo halinihusu. Nimeuliza, nimejibiwa, tena na mhusika mwenyewe. Hivi ndivyo mambo yanavyotakiwa kufanywa.

Nimewaandikia Brussels: nawashukuru, sitakuja, mpeni mwingine nafasi yangu. Kesho naanza kutafuta chuo Paris. Maombi yatataka picha mpya, na kichwa changu kimeota kama shamba lililotelekezwa. Salvator amejitolea kunipeleka asubuhi Cato Manor, kwa kinyozi wake. Amesema hata nauli nisifikirie. Ana moyo mzuri yule, kasoro yake ni moja tu, haoni mbali.